Skrubu ya Mashine ya Tatu

Landless, Thika
9 Februari 2025

Kwako Wavinya, mwaitu,

Nakuita mwaitu, yaani mama, kama kawaida, maana ulipewa jina la mama yangu na sijui kukuita vingine. Natumaini uko mzima huko Kimbo, na wanafunzi wako wa chuoni hawakusumbui sana. Sisi tuko, kwa neema ya Mungu. Aunti yako Nzisa anaumwa na goti tangu mwaka uanze, lakini Jumapili alitembea mpaka kanisani bila kushikwa mkono, akarudi akijisifu. Avokado ya nyuma ya nyumba imezaa mpaka tunagawia majirani.

Naandika kwa sababu simu yangu imeharibika sauti, na mambo yenyewe yana namba nyingi. Barua nimempa Dianah, jirani yetu anayefanya kazi kwenye duka la dawa hapo Kimbo. Ukijibu, mpe yeye.

Wavinya, kazini kumetokea ajali. Unajua kiwanda chetu cha nyuzi kina jenereta tatu za wakati stima ya nje inapopotea. Tarehe 21 Januari, saa nne asubuhi, stima ilipotea, tukawasha zote tatu. Kwa dakika kumi kila kitu kilikuwa sawa. Halafu mshale wa mita ya kilowati ukaanza kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, kama sekunde moja kila mzunguko. Taa zikawa zinang'aa na kufifia. Mashine ya kwanza, ile ndogo, ilitikisika kuliko zote. Kabla sijazima, kapling yake, ile inayounga injini na jenereta, ikakatika. Kifuniko cha chuma kiliruka kikampiga Nzioki mguuni. Unamkumbuka Nzioki, fundi mwenzangu. Ulikuja arusi yake na Kavata. Mguu umevunjika mahali pawili.

Kampuni imeunda kamati. Injinia Gachau anasema kosa ni la Nzioki, kwamba asubuhi hiyo alifungua kifuniko kile akapaka grisi na hakukaza boliti. Mimi nilikuwa kwenye paneli ya swichi. Sijui.

Wewe umesomea mitikisiko ya mashine. Nakuomba uniambie, ni mashine gani iliyoleta mtikisiko ule? Namba za vibao vya mashine nimeziandika nyuma ya karatasi. Usije nyumbani kwa sasa. Watu wanaongea sana.

Mjomba wako,
Munyao

---

Kimbo, Ruiru
16 Februari 2025

Mpendwa Mjomba,

Pokea salamu zangu, na umpe Aunti pole ya goti. Mwambie apunguze kupanda zile ngazi za kanisa. Mimi niko poa, ila maji hapa kwa ploti ninakopanga yanakuja Jumanne na Ijumaa tu, na Ijumaa yenyewe ni bahati.

Nimesikitika sana kuhusu Nzioki. Uko sawa wewe? Hukusema kama uliumia. Nilikupigia simu Jumatano mara tatu. Ulipokea, ukasema "halo, halo", ukakata. Na kwa nini nisije nyumbani? Kutoka hapa mpaka Thika si safari.

Namba nimezipata. Hebu nikueleze ninavyofanya, usidhani nabahatisha. Mashine zako tatu zikiunganishwa huwa kitu kimoja. Ndani yake kuna vinavyobadilika kila nukta: pembe ya kila rota (ile sehemu inayozunguka), kasi yake, volti inayotoka kwenye kidhibiti chake. Hivyo tunaviita vigeu vya hali. Kitu chote kikisukumwa hakitikisiki ovyo. Kina namna zake chache za kutikisika, kila moja na mwendo wake, nazo tunaziita modi. Huo mshale uliouona ukienda na kurudi kwa sekunde moja ni modi moja. Sasa swali lako, kwa lugha yangu, ni hili: katika modi hiyo, kila kigeu kina sehemu kiasi gani?

Hapo ndipo wengi hukosea. Wanaangalia kinachotikisika zaidi, wanasema ndicho chanzo. Sisi tunapiga hesabu ya orodha mbili. Ya kwanza inaonyesha modi ikishaamka inaonekana wapi, na kwa ukubwa gani. Ya pili inaonyesha ukigusa wapi ndipo modi inaamka. Halafu unazidisha, kigeu kwa kigeu, orodha hii na ile. Unachopata ni kipimo cha ushiriki. Vipimo vyote vya modi moja ukivijumlisha unapata moja kamili, kwa hiyo unaona wazi nani ana nusu na nani ana punje.

Ili nimalize nahitaji pia mipangilio ya gavana za mafuta (zinazoshika kasi ya injini), mzigo wa asubuhi ile, na geini za vidhibiti volti vyote vitatu, yaani kila kimoja kinaitikia kwa nguvu kiasi gani volti ikishuka. Geini ni muhimu sana, Mjomba. Tafadhali zisome kwenye mashine zenyewe.

Wako,
Wavinya

---

Landless, Thika
2 Machi 2025

Mwaitu,

Salamu nyingi. Barua yako niliisoma mara nne, na nimeelewa zaidi ya unavyofikiri. Nzisa naye ameisoma, akasema sasa anajua kwa nini hujaolewa. Usikasirike, unamjua.

Mvua bado. Kwaya ya wazee imeniomba nirudi, nimewaambia sauti imekwisha.

Nzioki alifanyiwa operesheni Jumatatu iliyopita, wakamwekea chuma. Nasikia anaendelea vizuri. Kamati imeniita mara moja. Waliniuliza nilizima saa ngapi, nikawaambia. Hawakuuliza mengi.

Namba ulizotaka ni hizi hapa chini. Gavana zote tatu zinafanana. Geini: mashine ya kwanza 50, ya pili 50, ya tatu 50. Ndivyo ilivyo kwenye kitabu cha mashine.

Fanya haraka kama unaweza. Silali vizuri.

Munyao

---

Kimbo, Ruiru
12 Machi 2025

Mpendwa Mjomba,

Hamjambo? Mimi nina mafua, ndiyo maana mwandiko umelegea. Wanafunzi wamemaliza mtihani wa katikati ya muhula na nina karatasi themanini za kusahihisha, lakini nimeanza na kazi yako.

Kuna jambo linanisumbua. Kwa namba ulizonipa, modi ile ya sekunde moja ipo kweli, lakini inakufa yenyewe. Ukiisukuma, inatikisika kidogo na ndani ya sekunde nne imetulia. Mtikisiko uliouelezea, unaokua mpaka kukata kapling, haupo katika namba hizi. Nimerudia hesabu mara tatu. Nikampa mwenzangu Jackie aipige kivyake bila kumwambia ni ya wapi, na yeye akapata vilevile.

Jambo la pili. Mashine ya kwanza, hiyo iliyokatika, kwenye orodha ya kuonekana iko juu sana. Ni nyepesi, kwa hiyo inarushwa. Lakini kwenye orodha ya kugusa iko chini kabisa. Kipimo chake cha ushiriki ni sehemu nne kwa mia. Boliti za kifuniko ziwe zimekazwa au hazijakazwa, mtikisiko haukutoka pale. Modi hii ni ya mashine ya tatu.

Kwa hiyo nakuuliza, Mjomba, na naomba unijibu hili kwanza kabla ya mengine. Geini ya mashine ya tatu uliisoma kwenye mashine au kwenye kitabu? Kuna mtu aliyegusa ile skrubu ya kupandisha geini?

Wavinya

---

Landless, Thika
6 Aprili 2025

Kwako Wavinya,

Salamu. Samahani nimechelewa, kulikuwa na mambo. Mvua imenyesha, tumepanda maharagwe upande wa ukuta. Goti la Nzisa limepoa. Kanisa letu limepata mapadre wawili wageni, mmoja anahubiri kwa ufupi, watu wamempenda.

Kamati imemaliza. Wameandika kwamba Nzioki alizembea. Mashine ya kwanza imewekwa kapling mpya, na Jumatatu tarehe 28 watawasha zote tatu kwa mzigo kamili.

Kuhusu ile namba, nilikwambia ilivyo kitabuni. Achana na hesabu sasa. Ulinisaidia vya kutosha.

Munyao

---

Kimbo, Ruiru
8 Aprili 2025

Mjomba,

Nakusalimu, na namsalimu Aunti. Leo sina habari za maji wala za mafua.

Nilikuficha jambo, na wewe umenificha jambo. Acha nianze na langu. Nilipokuandikia Machi nilikuwa tayari nimejua. Nilichukua hesabu ileile nikapandisha geini ya mashine ya tatu peke yake, kidogo kidogo. Kwenye 100 mtikisiko unachelewa kufa. Kwenye 150 haufi. Kwenye 200 unakua, na unafanana kila kitu na ulivyouelezea, hata zile dakika kumi za utulivu, mpaka mzigo ulipopanda. Vipimo vya ushiriki vikawa hivi: kasi na pembe ya rota ya tatu, sehemu ishirini na tisa kwa mia kila moja. Kidhibiti volti cha mashine hiyo, ishirini na moja. Kwa kawaida kidhibiti hakipaswi kuonekana katika modi ya namna hii, au kionekane kama punje. Hapa kimeshika moja ya tano. Mashine ya pili nzima kumi na sita. Ya kwanza nne. Inabaki moja, imetawanyika kwingine.

Nilijua kuna aliyegeuza skrubu ile, na sikutaka kujua ni nani. Nikauliza kwa upole nikatumaini utaniambia ni mtu mwingine.

Halafu kuna lile uliloandika mwanzoni mwa Machi kuhusu Nzioki, "nasikia anaendelea vizuri." Unasikia kutoka kwa nani, Mjomba? Uko Landless na hospitali iko hapo hapo mjini. Nilienda Jumamosi. Hukuniruhusu, lakini nilienda. Nzioki alinitambua. Nikamuuliza mbona alikuwa amesimama karibu vile na mashine ya kwanza wakati inatikisika.

Akasema, "Mzee alinituma. Akaniambia, nenda usikilize beringi ya mashine ya kwanza, uniambie kama inalia."

"Si yeye mwenyewe alikuwa hapo?"

"Wavinya," akasema, "mjomba wako hasikii. Miaka miwili sasa. Mimi ndiye huwa namsikilizia."

Nikamuuliza kwa nini hakuiambia kamati. Akasema, "Nikisema hivyo wanamfukuza jioni hiyohiyo. Yeye ndiye alinifundisha kazi."

Nilipotoka, Kavata alinifuata mpaka mlangoni. Hakupiga kelele. Aliniambia, "Tangu Januari namngoja mjomba wako aje amsalimie mume wangu. Mwambie bado nangoja."

Nilipofiwa na mama, ni wewe uliyenilipia kila kitu na ukanikalisha mezani usiku nifanye hesabu. Sikuandikii ili nikuhukumu. Ninaogopa. Wakiwasha tarehe 28 na skrubu iko pale ilipo, kapling mpya itafanya yaleyale, na safari hii atakayesimama pale anaweza kufa. Karatasi ya hesabu yote imo ndani ya bahasha hii, imeandikwa safi, na jina langu liko chini. Fanya nayo unavyoona, lakini wasiwashe.

Wavinya

---

Landless, Thika
24 Aprili 2025

Wavinya, mwaitu,

Barua yako ilifika tarehe 9. Ilikaa ndani ya Biblia siku tano kabla sijaimaliza. Nzisa aliniuliza kuna nini, nikamwambia ni mambo ya shule yako. Pasaka ikapita. Watoto wa ndugu yangu walikuja, tukachinja mbuzi, nikacheka nao.

Ni mimi.

Mwezi wa kumi na moja, mota kubwa za kusokota zilipokuwa zinaanza, taa kwenye ukumbi zilikuwa zinazama, na wanawake wa huko walikuwa wakilalamika. Gachau akanishika bega akanipigia kelele sikioni, "Munyao, fanya hizi taa zisizame." Nilichukua bisibisi nikafungua kidhibiti cha mashine ya tatu, nikazungusha. Kuzama kukapungua. Nikazungusha tena. Zikatulia kabisa. Gachau alinisifu mbele ya watu. Sikuandika kitabuni, kwa sababu fundi haruhusiwi kugusa skrubu ile bila karatasi ya injinia, na karatasi hakunipa. Sijui nilifika ngapi. Hakuna alama pale.

Siku ya ajali mshale ulipoanza kutembea, nilidhani ni beringi ya ile ndogo. Zamani ningesikia mara moja. Nilikuwa naijua kila mashine kwa sauti yake. Sasa nasikia mvumo mmoja tu, kama maji mbali. Nikamtuma Nzioki. Simu yangu haina ubaya wowote, Wavinya. Nilikudanganya kwenye mstari wa kwanza wa barua ya kwanza.

Unajua kwa nini nilikuomba hesabu? Nilitaka uniambie ni mashine ya kwanza. Nilikupa namba za kitabu ili uniambie hivyo. Ulipokataa kunidanganya, nikakasirika na wewe. Kumbe nilikuwa naogopa. Miaka thelathini na moja nimekuwa fundi. Nimebakiza miaka miwili nistaafu, na sijui kazi nyingine. Nikawaza, Nzioki bado ana nguvu, atapata kwingine. Niliwaza hivyo kweli. Nakuandikia ili ujue mjomba wako aliwaza hivyo.

Kesho Ijumaa saa mbili naenda kwa meneja na karatasi yako. Nzisa nimemwambia jioni hii. Amenipigia pasi shati.

Tuombee.

Munyao

---

Kimbo, Ruiru
Jumatatu, 28 Aprili 2025

Mjomba,

Salamu kwenu. Ni saa nne asubuhi, wanafunzi wangu wanafanya mtihani, mimi naandika. Dianah hakufungua duka Jumamosi wala leo, kwa hiyo sijui chochote. Nilipiga simu yako, ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga ya Aunti, imezimwa.

Sijui kama ulienda. Sijui kama walikusikiliza. Sasa hivi labda wanawasha. Mwanafunzi wa mbele ananiangalia.

Chochote kilichotokea, niandikie maneno matatu.

Wavinya

---

Landless, Thika
1 Juni 2025

Mwaitu Wavinya,

Natumaini uzima. Najua Dianah alikwambia kwa mdomo kwamba tuko salama. Mtoto wake alikuwa na homa siku zile, ndiyo maana hukumpata dukani. Mengine nilitaka kuyaandika mwenyewe, na mpaka leo sikuwa na uwezo.

Ijumaa ile nilienda. Meneja alikuwa amekaa na Gachau na mama mmoja mkaguzi wa usalama aliyeletwa kwa ajili ya kuwasha. Nikasema yote nikiwa nimesimama. Gachau akasema hajawahi kunituma kugusa kidhibiti. Nikamwambia, "Injinia, ulinipigia kelele sikioni." Akaangalia dirisha. Mkaguzi akaomba karatasi yako. Aliisoma polepole, akarudia ukurasa wenye vipimo vya ushiriki, akauliza, "Huyu Wavinya ni nani?" Nikasema ni mtoto wa dada yangu. Akasema, "Tutaijaribu hii."

Jumatatu wakawasha kwa mzigo mdogo, watu wote nyuma ya ukuta wa zege. Mimi niliruhusiwa kuangalia kupitia kioo. Wakapandisha mzigo taratibu. Mshale ukaanza kutembea, Wavinya, na ile ndogo ikaanza kuruka kama Januari. Mkaguzi akainua mkono. Mtu wao akarudisha skrubu ya mashine ya tatu kwa kipimo, hakugusa kitu kingine chochote. Mshale ukatembea mara tatu, mara nne, ukasimama. Ile ndogo ikatulia bila kuguswa. Mkaguzi akahesabu sekunde kwa saa yake ya mkono, akaandika.

Ripoti imebadilishwa. Jina la Nzioki limetolewa kwenye kosa, na matibabu yake yanaendelea mikononi mwa kampuni. Gachau amehamishwa, sijui wapi. Mimi nilipelekwa kupimwa masikio. Daktari aliandika mambo marefu, kwa kifupi la kushoto limekwisha na la kulia linaelekea huko. Siruhusiwi tena kuingia chumba cha mashine. Barua ya kustaafu mapema nilipewa tarehe 16 Mei. Nilirudisha ovaroli na funguo, nikatoka kwa geti nikiwa sijui niende upande gani. Nilikaa kwenye benchi la fundi viatu mpaka saa saba.

Kutoka pale nilienda kwa Nzioki. Alikuwa ametoka hospitali. Kavata alinifungulia mlango, akaniangalia, akanipisha. Nzioki alikuwa amekaa, mguu juu ya stuli. Nikamwambia kila kitu, skrubu, kitabu, na ile fikira yangu kwamba atapata kazi kwingine. Hiyo ndiyo ilikuwa ngumu kutoa. Nilipomaliza aliusogeza mguu wake juu ya stuli. Kisha akasema, kwa sauti kubwa ili nisikie, "Mzee, sijakusamehe."

Nikasema sawa. Nikainuka niende.

Akasema, "Keti. Sijamaliza. Njoo tena Jumapili."

Nimeenda Jumapili mbili sasa. Tunakaa tu. Wiki jana alisimama na magongo akavuka chumba, mimi nimemshika kiuno, Kavata akiangalia kutoka mlangoni na mikono mdomoni. Alipofika kwenye kiti cha pili aliketi, akapumua, akasema, "Bado, mzee." Sikujua anasema mguu au anasema lile jambo. Sikuuliza.

Leo ni Jumapili tena. Nzisa anafunga chapati kwenye kitambaa na anasema nimalize kuandika, tunachelewa.

Mjomba wako,
Munyao